Mada Aliyoiruka Mwalimu Oyoo

Kwa miaka yote aliyofundisha Baiolojia kwenye sekondari ya kata huko Nyansurura, Mwalimu Anold Oyoo hakuwahi kuifikia mada ya mageuko ya viumbe. Si kwamba alikuwa mvivu. Usagaji wa chakula aliufundisha mpaka wanafunzi wakasikia njaa, na uzazi wa mimea mpaka wakaanza kuyaonea aibu maua ya maboga. Ila kila kidato cha nne kilipoisogelea mada ile, jambo lilizuka. Mwaka mmoja alikwama kwenye mada ya urithi, hakutoka. Mwaka mwingine alishikwa na homa ambayo hata mke wake hakuielewa. Mara nyingi alifunga kitabu tu, akakohoa, akasema, "Hiyo iliyobaki ni fupi, mtajisomea wenyewe."

Sababu alikuwa nayo, na ilikuwa inaishi Tarime. Ilikuwa inaitwa Mzee Waitara, baba mkwe wake, Mkurya mrefu asiyependa maneno mengi, mzee wa kanisa la Wasabato. Alikuwa amekubali binti yake Lilian aolewe na Mjaluo baada ya kuhakikishiwa kwamba kijana hanywi pombe na Biblia anaijua. Oyoo alimheshimu mzee huyo kiasi kwamba hata akiongea naye kwa simu, anasimama. Sasa amwambie mtu wa namna hiyo kwamba binadamu na sokwe wana mababu wa pamoja? Afadhali aambiwe atoe mahari upya.

Mambo yaliharibika alipoletwa mkuu mpya wa shule, Madam Agustina, mwanamke mwenye sauti ndogo na macho yasiyosahau kitu. Aliyapitia matokeo ya mtihani wa taifa, kisha akamwita ofisini.

"Mwalimu Oyoo, nimeambiwa swali la mageuko watoto wako hawakuligusa. Wote. Hata yule aliyeongoza."

"Lilikuwa gumu, Madam."

"Gumu kwao au gumu kwako?"

Oyoo akaanza kuitaja homa.

"Sikuulizi unaamini nini," mkuu akaendelea. "Wewe Msabato, mimi Mkatoliki, kila mtu na kanisa lake. Nauliza watoto wa watu wataandika nini. Alhamisi nitakuja kukaa nyuma ya darasa."

Alhamisi ikafika, na safari hii homa ilikataa kabisa kumshika. Akaingia darasani jasho likimtoka, akaanza kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba. Lakini alikuwa mwalimu wa damu, na kadiri alivyoendelea akajisahau. Akaeleza habari za Mwingereza Darwin na ndege wa visiwani, wenye midomo tofauti kulingana na chakula chao. Akaeleza mifupa ya kale iliyogeuka mawe, na jinsi viumbe wanavyozaa watoto wasiofanana wote, na wanaoimudu hali iliyopo ndio wanaobaki na kuzaa wengine. Mwishowe alikuwa anachora ubaoni kwa mikono miwili.

"Hakuna anayesema babu yako ni nyani," aliwaambia. "Kinachosemwa ni kwamba ukirudi nyuma sana, mamilioni ya miaka, utafika mahali ukoo wetu na wa kwao ulikuwa mmoja, ndipo ukagawanyika."

Msichana mmoja, Vivian, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo hawa nyani wanaomaliza mahindi yetu ni ndugu?"

"Wa mbali," akajibu Oyoo. "Mbali kiasi kwamba unaruhusiwa kuwafukuza."

Darasa likacheka. Madam Agustina naye akacheka huko nyuma, kidogo tu. Oyoo akatoka akiwa mwepesi, akishangaa kwamba kitu alichokikwepa miaka yote kilikuwa kitamu hivyo mdomoni.

Wepesi huo haukufika kesho yake. Jioni ileile habari ilikuwa imeingia kwenye grupu la WhatsApp la kwaya ya kanisa, ambako Oyoo aliimba besi: mwalimu amefundisha kwamba nyani ni ndugu zetu. Asubuhi ikawa ni ndugu na tusiwafukuze shambani. Kufikia Sabato, ilipofika Tarime, mwalimu alikuwa ameshawaambia watoto wawasalimie nyani shikamoo. Jioni hiyo simu ikaita. Oyoo akasimama.

"Nakuja kesho," alisema Mzee Waitara, akakata.

Lilian alichinja kuku mkubwa kuliko wote. Mzee alishuka kwenye Noah ya abiria ya asubuhi kutoka Tarime, akapokea shikamoo zake, akaketi kula. Kila alipoinua tonge, Oyoo aliinua macho, akisubiri. Mzee akanawa, akasema, "Twende tuone ng'ombe."

Zizini, mzee hakutaka maelezo. Aliwapitia ng'ombe mmoja mmoja, akamkamata sikio ndama mwekundu, akang'oa kupe aliyeshiba, akamwonyesha mkwewe.

"Huogeshi?"

"Naogesha, baba. Kila wiki. Dawa ni ileile ya siku zote."

"Hata kwangu haiwaui tena. Hawa wa maduka ya dawa wameanza kutuuzia maji. Wezi."

"Dawa feki zipo, baba, lakini pengine si hivyo," Oyoo akasema, na hapo ulimi ukaondoka peke yake. "Tangu zamani kulikuwa na kupe wachache ambao dawa haiwapati vizuri. Wamezaliwa hivyo. Sisi tunazimua dawa ili itoshe ng'ombe wengi, wale dhaifu wanakufa, wale wachache wanabaki. Wanaobaki ndio wanaozaa, na watoto wao wanawafuata wao. Unarudia dawa ileile, wanabaki haohao. Baada ya miaka, karibu kila kupe uliye naye ametoka kwenye ukoo wa waliopona."

Mzee alimgeuza kupe kwenye kiganja, kama anayetafuta jina la ukoo mgongoni mwake.

"Kwa hiyo kupe huyu si yule wa ujana wangu."

"Huyu ni wa ukoo uliobaki, baba. Ndiyo maana wataalamu wanatuambia tusizimue, na tubadilishe aina ya dawa."

"Na haya ndiyo uliyofundisha Alhamisi."

Hapo ndipo Oyoo alipogundua amefika wapi kwa miguu yake mwenyewe. "Ndiyo, baba. Ndiyo haya."

"Na wewe unaamini?"

"Mungu namwamini, baba. Na kupe nawaona. Namna ya kuviweka pamoja bado naifikiria."

Mzee akamkanyaga kupe kwa kisigino, taratibu.

"Ya kupe nimeielewa, mura," akasema, akimwita kijana kwa Kikurya. "Ya nyani niachie."

"Sawa, baba."

"Sijasema umekosea. Nimesema niachie."

Akaondoka na Noah ya mchana. Kwenye kwaya walinung'unika wiki kadhaa, kisha wakaona bila Oyoo besi inabaki kama nyumba isiyo na msingi, wakaachana na maneno hayo. Huku nyuma, habari zikaanza kuja kutoka Tarime: kwamba Mzee Waitara anasimama joshoni na kuwahutubia wenzake juu ya kupe, tena kwa kuongeza chumvi, kana kwamba kupe hao huitisha kikao kabla ya kuishinda dawa. Mtu akimuuliza kama hayo si yale ya nyani ya mkwe wake, anakuwa mkali. "Nani ametaja nyani hapa? Nazungumzia kupe." Lakini ameacha kuzimua dawa, na ng'ombe wake wamenawiri.

Anayepata taabu sasa ni Lilian. Mada iliyokuwa hairuhusiwi kutoka mdomoni imekataa kurudi ndani. Juzi alikuwa anapepeta mtama, mjusi akapita ukutani, na mume wake akaanza kueleza kwa nini ana rangi ya tope. Lilian alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama mjusi huyo, kwa akili zake zote hizo, anaweza kwenda kuchota maji. Oyoo akachukua ndoo.