Mama, Mashine na Povu

Sifa ya nyumba yetu pale Mabawa ilikuwa kanzu. Nyumba nyingine zilisifika kwa maulidi makubwa, nyingine kwa watoto waliosoma, sisi kwa kanzu. Asubuhi ya Idd wanaume wa kwetu walipotoka kwenda kuswali, kaka yangu mbele, wanawe nyuma yake na wajomba wakimalizia, watu wa barazani walikatiza mazungumzo wakawatazama. Weupe wa kanzu zile ulikuwa kazi ya mama. Kila Idd ilipokaribia wote walimletea kanzu zao azifue. Hata kaka, aliyeoa na kuhamia Pangani, alizifunga zake kwenye mfuko akaja nazo, ingawa mkewe alikuwa na mikono yake mizima. Wifi yangu hakuona vibaya. Aliwahi kuniambia kwa sauti ya chini kwamba kanzu za mumewe hazigusi, maana akizifua yeye lazima zitalinganishwa.

Ila hakuna aliyeitazama mikono ya mama. Mimi niliitazama, kwa sababu nilikuwa naishi naye. Ngozi ilikuwa imepasuka baina ya vidole, viungo vimevimba, na asubuhi hakuweza hata kufunga kishikizo. Akikamua ndimu alifumba macho kwa maumivu. Nilimpeleka hospitali, na daktari akamwambia waziwazi kwamba mikono ile isiingie tena kwenye maji ya sabuni. Mama akaitikia, "Inshallah, mwanangu." Tulipofika nyumbani akavua buibui, akalitenga beseni uani.

Mimi si mtu wa subira, na wala sijifanyi. Nilikuwa na kibanda cha vitambaa Ngamiani, biashara ilikuwa imechangamka, basi nikanunua mashine ya kufulia, ile yenye mlango wa kioo mbele. Nikaiweka kwenye veranda ya uani. Mama akaizunguka, akaigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole.

"Hii ndiyo itafua?"

"Ndiyo, mama."

"Na kola itafikicha?"

"Itafikicha."

"Kwa mikono gani?"

Mama akakaa juu ya kibao chake, akaweka sharti. "Sikiza. Idd hii kanzu fua weye. Zikitoka kama ninavyozitoa mie, beseni nawapa kuku wanywee maji. Zisipotoka, habari ya daktari usinambie tena." Nikakubali papo hapo. Nilidhani nimeshamshinda.

Nililolifanya Idd ndogo ile kila mtu wa kwetu angelifanya. Kwetu sabuni hupimwa kwa povu. Mtu dukani huuliza kwanza inatoa povu, halafu inanukia nini, basi. Nikachukua sabuni ya unga ile ile ya kufulia kwa mkono, maarufu kwa povu, nikaijaza kwenye droo ya mashine. Maji yalikuwa ya kisima chetu cha uani, nayo yana chumvichumvi, sabuni haikolei ndani yake. Nikatazama kioo, sioni povu. Nikaongeza. Sioni. Nikaongeza tena. Na kwa kuwa nilitaka mama aone jinsi mashine inavyookoa muda, nilizirundika kanzu pamoja na shuka, taulo, na nguo zangu za ndani.

Zikatoka rangi ya jivu. Zilipokauka zilisimama wima kama makuti, na ndani ya mishono ulibaki unga mweupe unaowasha. Kanzu ya kaka, yenye darizi ya hariri shingoni, ilikuwa imenaswa na kulabu ya sidiria yangu, nyuzi zimevutwa nje. Kaka aliinyanyua mbele ya watu wote akanitazama. "Mdogo wangu, hii umeifua au umeifukiza?" Wakacheka mpaka wajomba.

Mama hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alikaa kwenye kibao, akalivuta beseni baina ya miguu, akazifua zote upya kwa sabuni ya mche, akazisuuza kwa maji ya bomba la mtaani, ndoo baada ya ndoo, kisha akazipitisha kwenye maji ya buluu ya kuzing'arisha. Nikamwomba anipe hata moja nimsaidie, akanisukuma mkono. Jioni nilipokwenda kumwaga maji ya mwisho niliyaona yana wekundu, na nguo nyekundu haikuwamo. Niliingia chooni nikafunga mlango nikalia, kwa uchungu na kwa hasira. Asubuhi kanzu zilimeta kama kawaida, watu wa barazani wakasifu, na mimi nilitamani kuipiga ile mashine teke.

Kwa muda mashine ikawa meza ya kuwekea nyungo. Halafu masika yakaingia.

Siku moja niliisahau kambani kanzu kuukuu ya mtoto wa kaka. Nilikuwa nimeifua kwa mashine nikijaribu tena kimyakimya wakati mama yuko msibani. Mvua ikaishukia, mvua yetu ile ya kupiga bati mpaka hamsikilizani. Nilipochungulia uani nikaona kitu kikanisimamisha mlangoni. Maji yaliyokuwa yanachuruzika kutoka kwenye pindo la kanzu ile yalikuwa yanatoa povu. Kanzu safi, iliyofuliwa, ikasuuzwa, ikakamuliwa, na bado povu linateremka hadi sakafuni. Nikaiacha palepale inyeshewe. Mvua ilipokatika, kanzu ilikuwa nyeupe.

Nilipiga makofi peke yangu pale veranda kama mwehu. Basi kumbe lile jivu halikuwa uchafu, lilikuwa sabuni! Nilizika nguo ndani ya sabuni, maji ya chumvi yakashindwa kuitoa, na kila nilipoongeza ndivyo nilivyozidi kuziharibu. Na mama, pamoja na ndoo zake zile za maji ya bomba ambazo siku zote niliziona ni mashauo, mbwembwe tu, alikuwa akifanya kazi moja tu kubwa, kuitoa sabuni.

Kuanzia hapo nikaishika mashine kama mtu anayemshika mgomvi wake. Niliunganisha mfereji wa paa na tangi linaloipa mashine maji, mvua za mwanzo zikaosha vumbi la paa, zilizofuata nikazihifadhi. Nikaufunua mpira unaozunguka mlango wa mashine: ndani yake ute mweusi, mchanga, na harufu ya dagaa. Nikaufuta kwa kitambaa na siki ya mnazi, kila mkunjo. Nikafungua kichujio cha chini, nikatoa matope, uzi wa hariri wa kanzu ya kaka, na pini ya ushungi niliyoitafuta mwezi mzima. Droo ya sabuni ilikuwa na ukoko, nikaichomoa nikaisugua kwa mswaki. Kisha nikaiendesha mashine tupu kwa maji ya moto, mara moja, mara ya pili, mpaka ikaacha kunuka. Nikajifunza pia kuuacha mlango wake wazi baada ya kufua ili ndani pakauke. Juu ya hilo tuligombana na mama kila siku, maana kila nikipa mgongo anaufunga. "Mjusi ataingia," anasema. "Ataingia azae humo."

Sabuni nilikwenda kuinunua mwenyewe, duka la Ngamiani karibu na kibanda changu. Nilimwambia muuzaji nataka ya mashine, yenye povu dogo, na nyingine ya maji kwa nguo za rangi, isiyo na dawa ya kung'arisha. Akanionea huruma. "Dada yangu, hii haitoi povu. Watu wanairudisha." Nikamwambia, "Nipe mimi, na wakirudisha nyingine uniwekee." Nyumbani nikajaribu kwa kipimo kidogo, nikapunguza, nikapunguza tena, kwa kuwa maji ya mvua hayahitaji sabuni nyingi. Kanga ya kisutu ya mama, ambayo wekundu wake ulikuwa ukichuja kila ikiguswa na maji, niliifua peke yake kwa sabuni ya maji, maji ya baridi, mzunguko wa taratibu. Ilitoka nyekundu yake ipo, nyeusi yake ipo. Mama aliitazama pande zote mbili, akaikunja akaiweka kabatini. Nikajua imemwingia.

Idd kubwa ikakaribia, mifuko ya kanzu ikaanza kufika. Nilimkumbusha mama sharti lake, nikamwomba anijaribu mara ya pili. Akasema ahadi ni ile ile. Safari hii nilizipanga: kanzu peke yake, si nyingi, zimegeuzwa nje ndani, na zile zenye darizi kila moja ndani ya foronya iliyofungwa kwa utepe. Kwenye kola, pale mafuta ya nazi na marashi huacha umanjano, nilipaka sabuni ya maji nikaiacha ilainike. Nikaweka kipimo changu kidogo, nikabonyeza. Mama akavuta kibao akakaa mbele ya kioo, mikono mapajani, akikodoa macho ndani.

Mimi nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi nilikuta veranda imejaa povu.

Lilikuwa linatoka kwenye droo, linateremka ubavuni mwa mashine, limeshafika uani na kuku wanalikimbia. Mama amesimama katikati yake na kopo mkononi. Nilielewa mara moja. Aliangalia kioo, hakuona povu, akachota konzi mbili za ile sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono akazitia kwenye droo, akaziteremsha kwa kopo la maji. Na haya yalikuwa maji ya mvua, si ya kisima.

Nilimpigia kelele mama yangu. Nasema kweli, nilimpigia kelele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Nikamwambia amefanya kusudi, anataka nishindwe, anataka mikono yake ikatike ndiyo aridhike.

Mama akaliweka kopo chini. "Sikufanya kusudi," akasema. "Niliona haifui, nikaingiwa na hofu." Akajifuta povu vidoleni. "Na nikikwambia kweli, niliingiwa na hofu zaidi kwamba itafua. Wanawangu huja hapa kwa kanzu. Mashine ikiweza, watakuja kwa nini?"

Hasira zote zikanitoka. Miaka yote nilidhani anang'ang'ania beseni, kumbe aling'ang'ania watu. Nikamkalisha kwenye kibao, nikamwambia, "Mama, kazi ya kufikicha nipe mimi. Ya kuzikagua haiwezi mtu mwingine. Hakuna kanzu itakayotoka hapa bila jicho lako." Akakisogeza kibao karibu na kioo.

Nikaibonyeza mashine imwage maji. Nikamimina siki kwenye droo, povu likaanza kufa. Nikasuuza, nikamwaga, nikasuuza tena, tangi likishuka na moyo wangu ukienda mbio, maana bomba la mtaani siku hiyo lilikuwa kavu, na maji ya mvua yakiisha nitabaki na ya kisima na tutarudi kwenye jivu. Mama ndiye aliyesimamia. Alikibandika kichwa kwenye kioo akawa anatoa hukumu: "Bado. Bado. Maji bado mazito." Mpaka akasema, "Yametakata. Zima."

Tukazianika pamoja, mimi nikitundika, yeye akielekeza nivute mabega yakae sawa na nizigeuze mgongo upande wa jua. Zilipokauka aliipitia moja moja. Alizitazama kinyume na jua, akazinusa kwapani, akapitisha kidole cha shahada juu ya kila kola na kila darizi. Uzi hata mmoja haukuvutika. Nilisimama kama mtahiniwa. Ya mwisho ilikuwa ya kaka. Aliikunja, akaiweka juu ya nyingine, akasema, "Hizi ni nyeupe kuliko zangu za mwaka jana." Nilipiga kigelegele. Jirani, ambaye alikuwa bado yuko ukutani, akaniitikia.

Asubuhi ya Idd kaka aliivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akamwambia mama mikono yake haijambo, Mungu aizidishie baraka. Mama akamjibu, "Kafua mdogo wako. Mie nimepitisha." Kaka akanitazama, akaishika kola akaikagua upya. Watu wa barazani walipokatiza mazungumzo, nilikuwa nimesimama dirishani na sikujificha. Na tangu hapo mifuko haikupungua. Watoto wa kaka wanaleta hata mashati ya kazini, wanakaa kutwa nzima wakinywa chai ya mama huku wakisubiri hukumu yake.

Mama alitimiza ahadi, na beseni likaenda kwa kuku. Nyufa za vidole zikajifunga kidogo kidogo, ngozi ikarudi kuwa laini. Kisha ukaja mwaliko wa harusi Pangani, upande wa wifi yangu. Siku moja kabla ya safari mama alikuja nilipokaa, akaninyooshea viganja vyote viwili.

"Nipake hina," akasema.

Nilikuwa sijawahi kumwona mama na hina. Kwenye ngozi iliyopasuka ilikuwa ikimchoma kama pilipili, na hata alipokuwa kijana, alinieleza, sabuni iliila kabla harusi haijaisha. Nilimpaka pole pole, vidole vyote na viganja, akakaa ameinua mikono kama mtu anayeomba dua. Alipoosha ilikuwa imeiva, nyekundu ya kahawia. Tulikwenda harusini, tukarudi, siku zikapita, na rangi ikabaki palepale. Kila aliyepita uani akimwamkia shikamoo, mama aliitikia marahaba akiinua mikono yote miwili, viganja mbele.