Sauti Iliyofutwa Jumamosi

Mwalimu Eufrazia alihamia Chamazi mwaka mmoja baada ya kumzika mumewe, Polikarpo. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa Masasi. Alipiga simu kila Jumapili, dakika tano au sita, watoto wakilia nyuma yake. Siku nyingine zote, nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwambia hata kwamba leo jua lilikuwa kali.

Alifundisha Kiswahili darasa la sita, katika shule moja ya msingi upande wa Mbagala. Shule ilikuwa na vishikwambi ishirini, na mikondo minne ilivitumia kwa zamu. Muhula ule aliwapa wanafunzi kazi: kila mmoja aende na kishikwambi nyumbani zamu yake ikifika, amrekodi mzee mmoja akisimulia utoto wake.

Jioni alibeba viwili vitatu kwenda kusahihisha. Kusahihisha kwenyewe kuliisha upesi, lakini yeye aliendelea kusikiliza. Alikiegemeza kishikwambi kwenye chupa ya chai, akasonga ugali wake wa mtu mmoja huku wazee wa watu wakiongea. Aliyemrudia mara nyingi zaidi ni Bi Somoe, bibi yake Raudha, aliyezaliwa Mbagala ilipokuwa minazi na mikorosho tu. Bi Somoe alikuwa akianza kucheka kabla hajafika penye kuchekesha, na Eufrazia, peke yake jikoni, alicheka naye.

Bi Somoe alifariki likizo ya Septemba. Arobaini ilipopita, Raudha alikuja mlangoni pa ofisi ya walimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Raudha. Pole sana, mwanangu."

"Nimeshapoa. Mwalimu, naomba nimsikilize bibi."

Eufrazia alikitoa kishikwambi namba kumi na moja kabatini, akakiwasha. Hapakuwa na kitu. Akawasha cha kumi na mbili, kisha cha tatu. Vyote vilikuwa vitupu, kama vimetoka dukani jana.

"Vilikuwa vimejaa, Madam, havifunguki," alisema Mwalimu Brightson, kijana aliyefundisha hesabu. "Jumamosi nilivifuta vyote, nikavianzisha upya. Kwani mlikuwa na kitu humo?"

Eufrazia alitaka kumfokea. Alijizuia, maana alijua kwamba yeye mwenyewe alisikiliza zile sauti kila jioni, na hata siku moja hakukumbuka kuzinakili mahali pengine. Alimwambia Raudha arudi darasani, atamwita.

Mchana alikipeleka kile kishikwambi kwa fundi simu, pale Rangi Tatu. Fundi alikichomeka kwenye kompyuta yake, akasubiri, akatikisa kichwa.

"Mama, hapa hamna kitu. Kingefutwa faili moja moja ningejaribu. Hiki kimesafishwa chote."

Angeweza kungoja kesho. Badala yake alikwenda kwa miguu mpaka kwa akina Raudha, akakaribishwa mkekani na mama yake, akawaambia yote bila kuficha.

"Hata kidogo tu, mwalimu?" Raudha aliuliza.

"Hata kidogo. Ni kosa langu, nilipaswa kuitunza. Lakini nimemsikiliza mara nyingi. Maneno yake ninayo."

Akaanza kusimulia: kisima, ndoo iliyozama, mjomba aliyeteremka kuifuata akashindwa kupanda. Mama mtu alitabasamu, akamsahihisha jina la mjomba. Raudha alikuwa anatazama chini.

"Bibi hakuongeaga haraka hivyo," alisema.

Eufrazia akaanza tena, polepole. Alipofika kwenye ndoo alijaribu kucheka kama Bi Somoe, na kicheko kikatoka kibaya. Raudha aliinuka akaingia ndani.

Wiki iliyofuata kila mwanafunzi alifunguliwa folda yake yenye jina lake na neno lake la siri. Mwalimu mkuu alikubali tangazo libandikwe kabatini: hakuna kufuta kitu kabla Mwalimu Eufrazia hajanakili. Kila Ijumaa wenzake walipoondoka, alibaki akihamisha kazi za watoto kwenye diski ya nje, kishikwambi kimoja baada ya kingine, mpaka vyote ishirini. Raudha alimsalimia vizuri kila asubuhi, lakini hakurekodi tena kitu muhula ule, na hakulazimishwa.

Mwezi wa tatu kishikwambi kimoja kilidondoka sakafuni, kioo kikapasuka, hakikuwaka tena. Ndani yake mlikuwa na kazi za watoto saba. Asubuhi iliyofuata Eufrazia alizirudisha zote kwenye kingine, akakiweka mezani kwao. Walifungua folda zao, wakaendelea kubishana nani akae karibu na dirisha. Hakuna aliyeuliza chochote. Alisimama pale kidogo akiwatazama, kisha akageuka kufuta ubao.