Ubaridi Pajani Wakati wa Ibada

Mimi kanisani hata kuimba naimba kwa midomo tu, kwa aibu. Bibi huniombea kila siku nipate ujasiri wa kusema mbele za watu.

Jumapili iliyopita, kwenye ibada yetu ya Kiswahili hapa ughaibuni, mtaa wa Quakers Hill, mchungaji alisema anayeguswa na Roho atasikia kitu mwilini. Papo hapo nikasikia ubaridi wa majimaji ukinitambaa pajani. Nikatazama dari, halivuji. Chupa yangu ya maji imefungwa. Basi ni mimi!

Nikasimama. "Nimeguswa. Nasikia ubaridi hapa pajani."

"Haleluya!" kanisa zima likaitika. Bibi akaanza kulia kwa furaha.

Mama Furaha, rafiki yake aliyekaa nyuma yetu, akainama kunitazama. "Ee binti yangu, hiyo ni sombe, majani yangu ya muhogo! Ilitoka kwenye friza asubuhi, nimeiweka na mfuko wake hapo katikati yenu nimpe bibi yako, kumbe imeyeyuka."

Gauni langu jeupe lilikuwa na mchirizi wa kijani mpaka gotini. Kanisa likaangua kicheko.

Bibi akanivuta mkono, bado anajifuta machozi. "Kaa, mjukuu wangu. Si umesimama? Si umesema?"