Watoto Wawili Getini Mombo

Mimi ni mtu wa hasira, na sijaanza uzeeni. Marehemu mume wangu alizoea kusema kwamba nikikosa wa kugombana naye nitagombana na sufuria. Kwa hiyo yule mama alipopanda basi na kujibana kando yangu, nilianza kwa kununa, maana kiti chenyewe kilikuwa kidogo na mimi nilikuwa nimempakata mwanangu.

Zilikuwa enzi za Mwingereza. Mume wangu alifanya kazi relini Korogwe, nami nilikuwa napanda kwetu Lushoto kumwonyesha mama yangu mjukuu wake wa kwanza. Alikuwa na miezi sita, mnene, na chanjo yake ya ndui ilikuwa imeshapona, imeacha kovu begani. Yule mama alipandia njiani, kwenye kambi ya mkonge. Naye alimpakata mtoto, ila alikuwa amemfunika gubigubi kwa kanga, hata utosi hauonekani. Joto la kule bondeni ni la kukausha mate, na madirisha ya basi lile mengine yalikuwa hayafunguki.

"Dada, mfunue huyo mtoto," nikamwambia. "Joto lote hili! Utamuua."

Hakunijibu. Alitazama mbele tu. Mimi nikinyamaziwa ndiyo nazidi kupanda, basi nikaongeza sauti watu wasikie: mama gani huyu, mtoto halii, hageuki, na yeye wala habari hana! Kisha nikanyoosha mkono mwenyewe nikainua pindo la kanga.

Shavu la mtoto lilikuwa la baridi. Nilifungua mdomo nipige yowe, naye akanidaka mkono akaubana mpaka nikaumia. Akaniambia kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba mtoto alifariki alfajiri baada ya homa ya siku tatu. Akaniomba nisipige kelele, kwa sababu nikipiga kelele watamshusha.

Loo! Nilitamani kumeza ulimi wangu. Nimemwambia mtu aliyefiwa kwamba atamuua mtoto, tena mbele ya watu!

Nikamuuliza kwa nini hakumzika pale kambini. Akasema mtoto wake wa kwanza alimzika pale, nyuma ya nyumba za vibarua, mwaka wa kwanza walipokwenda kutafuta kazi. Shamba lilipopanuliwa, trekta lilipita. Alizunguka siku nzima kati ya mistari ya mkonge mipya akitafuta kaburi, hakuliona, mpaka leo hajui mwanawe amelala wapi. "Huyu simwachi huko," akasema. "Huyu namzika kwetu, kando ya bibi yake." Mume wake alikuwa amebaki. Kipande chake, ile kadi ya siku thelathini za kazi, kilikuwa hakijajaa na msimamizi alimnyima ruhusa.

Mfanyabiashara wa nguo aliyekaa mbele yetu alikuwa amesikia kila neno. Akageuka, akamtazama yule mama, akavua kofia yake. Bibi mmoja wa Soni aliyekuwa nyuma yetu naye akainama katikati yetu. Habari ikaenda basi zima bila mtu kupaza sauti, mpaka ikamfikia kondakta.

Kondakta akaja, jasho linamtoka. Sheria ilikuwa wazi, basi la abiria halichukui maiti bila barua. Akaenda kumnong'oneza dereva. Dereva hakugeuka, wala hakupunguza mwendo. Sote tulimsikia akisema, "Mimi sijaona maiti. Nimeona mama na mtoto wake."

"Na Mombo je?" kondakta akauliza.

Mombo ndipo barabara inapoanza kupanda milima, na wakati ule palikuwa na geti. Ndui ilikuwa imesikika kule bondeni, na bwana afya alikuwa amekaa pale na meza yake siku ya nne sasa. Kila abiria alishuka, akapita mezani, akaonyesha kovu la chanjo. Asiye na kovu alichanjwa papo hapo, na watoto walifunuliwa mmoja mmoja. Akimkuta huyu, atazikwa palepale Mombo saa ileile, kwa chokaa, na sisi sote tutafungiwa kwenye banda la karantini.

"Basi ashuke!" akasema mwanamume mmoja wa nyuma. "Mnataka tufungiwe sote kwa ajili ya mtu mmoja? Na kama ni ndui yenyewe?"

"Wewe nyamaza," bibi wa Soni akamkata. Akamwomba yule mama ruhusa, akamfunua mtoto taratibu, tumbo, mgongo, nyayo, viganja. Ngozi ilikuwa safi, hana hata kipele. Bibi akamfunika tena. "Ni homa," akasema. "Ndui nimeiona kwa macho yangu, nimezika nayo dada zangu wawili. Hii siyo."

Mtu akatoa shauri mtoto alazwe ndani ya kapu la nazi, chini ya kiti. Yule mama akamkumbatia zaidi. "Mwanangu si mzigo," akasema, na hakuna aliyerudia shauri lile.

Kondakta naye alikuwa na lake. Karatasi ya abiria ya kumpa bwana afya alikuwa ameshaiandika kwa wino: watu wazima kadhaa, watoto wachanga wawili. Wakipita getini lazima wapite wachanga wawili.

Bibi wa Soni akamtazama mwanangu. Mfanyabiashara wa nguo akamtazama mwanangu. Mwishowe basi zima linamtazama mwanangu, naye mjinga wa watu anawachekea na fizi zake! Nikajua wanachotaka kabla hawajasema, kwamba apite mezani mara mbili.

"Hapana," nikasema. "Wallahi, hapana! Mwanangu haingii kwenye mbeleko ya marehemu. Nina huyu mmoja tu."

Niliogopa. Sisemi kwamba nilikuwa na hoja nyingine, niliogopa tu. Huku kwetu hata nguo ya mtoto aliyekufa humvalishi aliye hai, na mama yangu angesikia angenifukuza kabla sijaketi.

"Msimlazimishe," yule mama akasema. "Ana haki."

Kusema kweli, maneno yale ndiyo yaliyonishinda. Angenibembeleza, ningegombana naye mpaka Mombo. Lakini ananitetea! Mimi niliyemwambia atamuua mtoto! Nikakasirika, nikamkasirikia yeye, na bibi, na yule msimamizi wa mkonge ambaye sikuwahi kumwona. Nikasema, "Haya basi. Lakini akipatwa na lolote nitawatafuta mmoja mmoja."

Tulifika Mombo jua likiwa katikati. Dereva akaegesha basi kwa ubavu, meza ya bwana afya upande mmoja, sisi upande wa pili tukiwa na kivuli. Akafungua boneti akaanza kulalamika kwa sauti kubwa kwamba rejeta inavuja, aletewe maji. Mimi nikatangulia. Bwana afya alikuwa kijana wa Kiafrika, kaptula imenyooshwa, ana haraka. Akaona kovu langu, akaona la mwanangu, akapiga mstari kwenye karatasi yake. "Pita."

Nikapita, nikazunguka nyuma ya basi. Yule mama alikuwa anasubiri pale na bibi wa Soni. Nilimvua mwanangu kofia, bibi akamvika kitambaa kingine, akamfunga kwenye mgongo wa yule mama. Kisha akanigeuza mimi, akaniinamisha, akamlaza yule mwingine mgongoni pangu, akakaza fundo kifuani.

Mtoto aliye hai hukushika. Hata akilala, miguu yake hujua kukubana kiuno. Huyu hakunishika. Nilisimama nimeinama kidogo, naogopa kwamba nikisimama wima atateleza.

"Tulia," dereva akaninong'oneza kutoka kwenye boneti. "Usilie. Ukilia atakuja kutazama."

Kwa chini ya basi niliona miguu tu. Niliona miguu ya yule mama ikienda mezani, na papo hapo miguu ya wengine ikimzunguka. Mfanyabiashara wa nguo akaangusha robota lake, bafta zake nyeupe zikatawanyika vumbini, akaanza kumlaumu kondakta. Yule mwanamume wa nyuma, aliyetaka mama ashushwe, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote! Alikataa kuvua shati, akadai yeye ni mtu mzima hawezi kuvuliwa hadharani, bwana afya amheshimu. Nilimsamehe palepale.

Kisha mwanangu akaanza kulia. Ninyi mliozaa mnajua, sikio la mama halikosei. Alikuwa ananitaka mimi. Nilipiga hatua moja, dereva akanishika bega.

"Mtoto ana miezi mingapi?" nikamsikia bwana afya akiuliza.

"Saba."

"Jina?"

Akamtajia jina la mwanawe. Alilitaja sawasawa, kama anayemwita aje ale.

Kilio cha mwanangu kikazidi, na mimi nasema moyoni, amemjua, amekumbuka kovu, sasa anainuka, sasa anazunguka basi. Mgongo wangu ulikuwa umeloa jasho na yule mtoto alikuwa amenigandia. Nikaanza kupanga nitasema nini.

"Mama," bwana afya akasema, "mtoto analia kwa njaa huyu. Mnyonyeshe kwanza."

Kilio kikakatika.

Ukimya ule sitausahau. Nilijua maana yake, na yule mama alijua, na watu wote waliozunguka ile meza walijua, isipokuwa mtu mmoja tu, au labda hata yeye. Mfanyabiashara aliacha kulaumu. Yule mbishi, waliniambia baadaye, akavua shati lake polepole bila kuambiwa tena. Nikasikia kalamu ikigongwa mezani, na bwana afya akasema, "Pita, mama. Kaa kivulini."

Geti lilipofunguliwa na basi likaanza kupanda, nilikuwa nimeshaketi, yule marehemu mdogo nimempakata. Nikanyoosha mikono nimchukue wangu. Hapo ndipo nilipomtazama yule mama vizuri. Gauni lake lilikuwa limeloa kifuani pote. Siku tatu mtoto wake hakuwa amenyonya kwa homa, na maziwa yalikuwa yamemjaa mpaka yanamuuma. Mwanangu alikuwa amefumba macho, anavuta kwa raha zake zote, mkono mmoja ameuweka juu ya ziwa la watu kama lake.

Niliona wivu. Ndiyo, nasema kweli, nimemshika mtoto wa watu aliyekufa na ninaona wivu! Nikarudisha mikono. "Mwache amalize," nikamwambia. Machozi yake yalikuwa yanamdondokea mwanangu kwenye nywele, naye hakujali.

Basi lile lilipanda kwa shida, kona baada ya kona, bonde likizidi kushuka upande wa dirisha langu. Kwenye shimo moja tulirushwa, na nikajikuta nampigapiga mgongoni yule niliyempakata, asishtuke. Bibi wa Soni aliniona. Aliangalia pembeni. Tulipita kwao Soni, naye hakushuka.

Mwanangu leo ana ndevu zenye mvi, na akipita njia ile hushuka kumsalimia mama yake wa kunyonya. Mashehe wamemwambia kunyonya mara moja hakutoshi kuwafanya mama na mwana, sheria ya dini ina idadi yake. Yeye hubishana nao. Ubishi ule kautoa kwangu.

Siku ile dereva hakusimama kituoni. Alisimama pale njia ya miguu ya kwao inapoachana na barabara, chini ya migomba, akazima injini, na kondakta hakutazama saa. Mfanyabiashara wa nguo alikuwa ameshapima bafta ya sanda, akaikung'uta vumbi la Mombo, akaikata, akaikunja akamkabidhi bibi. Wanaume wanne walishuka bila kuitwa, na yule mbishi alikuwa mmoja wao. Juu kwenye mteremko mtu aliyekuwa analima akasimamisha jembe, akatutazama.

Sasa mimi ndiye niliyekuwa sitaki kumwachia. Sijui mtasema nini. Tangu Mombo nilikuwa nimemshika, nimemfunika nyayo upepo wa huku juu ulipoanza, na sasa nilimbana kifuani kwangu mtoto ambaye sikuwahi kumwona akifumbua macho.

Yule mama akanijia. Akamlaza mwanangu begani kwangu, akamfuta maziwa mdomoni kwa kidole gumba. Alikuwa amelala fofofo, mzito.

"Wako ameshiba," akaniambia. "Sasa nipe wangu."