Uso wa Bibi wa Ziwa

Reino Haapala alikuwa mtu wa maghala ya nafaka. Tangu ujana hadi kustaafu, kazi yake ilikuwa kutengeneza mikanda inayopandisha ngano kwenda melini, hapa kwetu Thunder Bay, mji wa bandari kando ya ziwa, na vumbi la ngano lilimkaa kifuani hata akawa anakohoa kila akicheka. Bahati nzuri hakuwa mtu wa kucheka sana. Wafini wenzake wa mtaani walimtania kwamba Reino akishakuambia habari za asubuhi, basi kamaliza maneno yake ya wiki.

Maneno ya nyumba ile yalikuwa ya mkewe, Aune. Aune aliongea na redio, akaongea na paka, akagombana na sufuria. Na kila majira ya baridi yalipokwisha, barafu ya kuchezea mle ukumbi wa michezo ikayeyushwa, ikabaki sakafu tupu ya saruji, alifunga aproni yake siku za Jumamosi akashuka mlima kwenda kutengeneza vinyago vya gwaride.

Gwaride letu huwa mwezi wa sita, barafu ya ziwa ikishayeyuka. Watu wanateremka hadi bandarini na samaki wa karatasi na ndege wa fito, na mbele yao wote anatangulia Bibi wa Ziwa, kichwa kikubwa kinachobebwa juu ya mlingoti. Kila mwaka anatengenezwa upya. Halipwi mtu na wala hakatazwi mtu. Unaingia, unapewa aproni, unaonyeshwa pa kuanzia.

"Mtu mzima na akili zako, unachezea matope," Reino alikuwa akimwambia mkewe anaporudi na gundi kwenye nywele.

"Njoo nawe uchafuke, labda kikohozi kitapona," Aune alikuwa akimjibu.

Hakwenda hata mara moja. Baadaye Aune akafa, moyo ulisimama mchana mmoja wa baridi kali akiwa mbele ya jiko. Majira ya kuchipua yaliyofuata, Reino hakuonekana nje zaidi ya dukani na kanisani. Mwaka uliofuata, akisafisha droo ya jikoni, alikuta vijiti viwili vya mbao vya kuchongea udongo. Vilikuwa vimelainika pale kidole gumba cha Aune kilipokuwa kikikaa. Akavitia mfukoni, akashuka navyo ukumbini. Nia yake ilikuwa avikabidhi, ageuke arudi.

Nilikuwa mlangoni nakoroga uji wa gundi. Nilimwona akisimama kizingitini na kofia mkononi, kama mtu aliyeingia kwenye msiba asiojua ni wa nani. Corinne, yule mama mwenye sauti kubwa anayeongoza kazi zetu, alimwona pia.

"Mzee Reino! Jamani, leo mvua ya mawe itanyesha!"

"Nimeleta hivi," alisema Reino. "Ni vyenu."

Corinne akavitazama vile vijiti, sauti yake ikashuka. "Si vyetu hivyo, mzee. Ni vya Aune. Sisi hapa tunatumia vijiko." Kisha akamshika mkono bila kuomba ruhusa, akampeleka katikati ya ukumbi, kwenye lundo la udongo lililokuwa limeanza kuwa na paji la uso. "Huyu bado hana shavu upande huu. Kaa naye kidogo. Usipopenda, kahawa ipo, unakunywa unakwenda zako."

"Mimi sijui kuchonga."

"Nani hapa anajua?"

Reino akaugusa udongo kwa kidole kimoja. Ulikuwa wa baridi. Akauliza unanunuliwa wapi.

"Haununuliwi," Corinne alimwambia. "Ni uleule tangu tulipoanza. Tunaufinyanga uso, tunaubandika karatasi juu, karatasi ikikauka tunauvunja udongo tunaurudisha kwenye mapipa. Mwaka unaofuata tunaulowesha tena."

Reino akaweka kofia yake kando. Niliona anavua koti. Akaweka viganja vyake vyote viwili juu ya lile lundo akaviacha hapo, muda mrefu, bila kufinyanga chochote. Udongo ule ulikuwa umepita mikononi mwa mkewe miaka yote aliyokuwa akimwita mchezea matope.

Siku hiyo hakunywa kahawa. Alifanya shavu.

Jumamosi iliyofuata alifika kabla ya Corinne, akangoja nje mlango ufunguliwe. Hakumwambia mtu anachokifanya, lakini sisi tuliomjua Aune tulianza kuona. Shavu lile lilikuwa la juu, gumu, lenye kishimo pembeni. Reino alikuwa anamtafuta mkewe. Picha anazo, baadaye alinieleza, ila Aune alikuwa haelewani na kamera. Kila akipigwa picha alikunja uso kama anayeng'olewa jino. Aliyemtaka yeye ni yule Aune wa kusikiliza redio, kichwa upande, mdomo wa chini umeng'atwa kidogo. Huyo hayumo kwenye picha yoyote.

Shida ni kwamba pale ukumbini kazi haina mwenyewe. Anayeingia anagusa. Jumamosi ya tatu Reino alifika akakuta pua ya mkewe imepanuliwa.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi." Aliyejibu alikuwa mwanamke wa makamo aliyeketi juu ya ndoo iliyofunikwa, anakula andazi lenye sukari ya rangi ya waridi. Jina lake Verna Michano, Mwojibwe, wenyeji wa asili wa nchi hii, wa upande wa Nipigon, dereva wa basi la shule. Alikuwa amepita katikati ya wiki, siku ya mapumziko yake. "Pua ilikuwa nyembamba mno. Angepumulia wapi, maskini?"

Reino akaipunguza. Verna akamaliza andazi, akafuta vidole, akairudisha.

"Mama, iache hiyo pua."

"Iache wewe, mzee. Umeng'ang'ania uso mzima kama umeununua."

Ikawa ndiyo kazi yao. Huyu akinyanyua kope, yule anaishusha. Huyu akikaza shavu, yule analilegeza. Vijana wakaanza kuja mapema kuangalia ugomvi. Corinne aliwaomba wagawane, mmoja achukue masikio, na wote wawili wakamwambia kwa pamoja kwamba masikio hawayataki.

"Unaendesha watoto wa watu kwa macho hayo?" Reino alimwambia Verna siku moja. "Jicho lile limelegea, linasinzia."

"Halisinzii, linatazama mbali. Wewe hujawahi kuona mtu anatazama mbali?"

"Limelegea."

Akachukua kijiti akaanza kulikaza. Verna akaunyosha mkono wake mpana akalisawazisha jicho lote kwa kiganja, kama anayefuta ubao. Na hapo Reino, mtu ambaye hatukuwahi kumsikia akipaza sauti, alipiga kelele iliyofika hadi mlangoni.

"Huyo ni mke wangu!"

Mwiko wangu ulisimama ndani ya sufuria. Reino alikuwa ameshika kijiti kama kisu, na kikohozi kikamshika hata akainama.

Verna hakusogea. Alingoja kikohozi kiishe. "Na kwangu ni shangazi yangu," alisema. "Aliyenilea. Una picha ngapi za mkeo, mzee?"

Reino alifuta mdomo. "Albamu tatu."

"Mimi sina hata moja. Nyumba iliungua na kila kitu. Picha yake imebaki humu tu." Akagonga paji lake la uso kwa kidole chenye udongo. "Na sasa namwona vizuri pua na macho peke yake. Kila mwaka kinapungua kitu."

Reino akaweka vijiti mezani, akachukua koti lake, akaondoka. Tulidhani ndiyo mwisho wake. Jumamosi iliyofuata hakuja, na Verna alikaa mbele ya ule uso asiuguse, akawa anawakaripia watoto waliousogelea.

Alirudi Jumamosi nyingine. Aliingia moja kwa moja hadi kwa Verna akasimama mbele yake, kofia mkononi.

"Macho chukua," alisema. "Na pua. Niachie mdomo tu."

"Chukua mdomo, mzee. Mdomo wake nimeshausahau."

Wakafanya kazi ubavu kwa ubavu asubuhi nzima. Verna alikuwa akifinya, anafumba macho, anafinya tena. Reino aliutengeneza mdomo akaubomoa, akautengeneza tena akaubomoa tena. Niliwapelekea kahawa. Nikamsikia Verna akimuuliza, polepole safari hii, ulikuwaje mdomo wenyewe.

"Ulikuwa..." Reino akang'ata mdomo wake mwenyewe kumwonyesha. Akajaribu tena kwa udongo. Akabaki ameshika kijiti hewani. "Nilikuwa nauona kila siku. Kila siku ya Mungu. Nikifumba macho naona kitambaa cha mezani, naona redio, naona hata paka alipokaa. Yeye simwoni."

Verna alisogeza ndoo yake, akampisha aketi.

Mdomo ulimshinda. Mwishowe ulitengenezwa na baba mmoja aliyeingia na wanawe kujikinga mvua, mtu tusiyemjua, aliyempa Bibi wa Ziwa tabasamu pana lenye pengo la jino. Watoto walishangilia. Reino alitazama lile pengo, akamtazama Verna, na Verna akainua mabega. Uso ukawa umekamilika.

Tuliupaka mafuta, tukaubandika magazeti yaliyoloweshwa kwenye uji wa gundi, tabaka juu ya tabaka, mikono ya watu inagongana. Karatasi ilipokauka, ikafika kazi isiyopendwa na mtu, ya kuutoa udongo. Mmoja lazima aingie kichwa na mabega upande wa ndani, auchimbue vipande vipande. Reino alijitolea kabla hajaombwa.

Alikaa mle ndani muda mrefu. Tulisikia kijiti kikikwaruza na kikohozi chake kikivuma mle kama ndani ya pipa. Vipande vilikuwa vinatoka, hili shavu, hili paji, na mimi na Verna tunavibeba kwenda kwenye mapipa. Alipotoka, uso wake ulikuwa wa kijivu kwa udongo, isipokuwa mistari miwili chini ya macho. Mkononi alikuwa na donge dogo, amelifumbata. Akalipeleka kwenye mfuko wa suruali, akasita.

"Chukua, mzee," Corinne alimwambia. "Donge moja halitupunguzii kitu."

Reino aliligeuza geuza. Nadhani alilitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Kisha akaenda mwenyewe hadi kwenye pipa, akalitumbukiza, akalikandamiza kwa kidole gumba likachanganyika na mengine.

"Likikaa kwangu litakauka tu," alisema.

Siku ya gwaride ukungu ulitanda ziwani, na upepo ulikuwa wa kukata masikio ingawa ni mwezi wa sita. Bibi wa Ziwa alitoka na mashuka ya buluu yanapepea chini ya kidevu. Reino na Verna walikuwa miongoni mwa walioshika kamba za kuuzuia mlingoti usiyumbe. Njia nzima watu walipiga ngoma na masufuria. Mtoto mmoja kwenye mabega ya baba yake alipayuka, "Anafanana na daktari wangu wa meno!" na Verna akacheka hata kamba ikamponyoka, na Reino akacheka akakohoa, akakohoa akacheka, mpaka ikabidi mtu mwingine ashike kamba yake.

Pale bandarini, watu walipoanza kutawanyika kwenda kunywa supu ya moto, nilimkuta amesimama peke yake nyuma ya kile kichwa. Anakitazama kwa nyuma, upande ule usio na uso.

"Umechoka, mzee?"

"Aune alikuwa ananiita kila mwaka," alisema. "Kila mwaka, mpaka mlangoni. Hata kuangalia gwaride sikuja. Siku ya gwaride nilikuwa nakaa nyumbani nafurahia kimya." Akavaa kofia yake. "Laiti ningepewa sasa hivi asubuhi moja tu ya zile kelele zake."

Nikamletea supu.

Mwezi wa nane Verna alimpitia na gari lake dogo bovu, wakaenda Nipigon. Habari hizi nilizipata kwa Verna mwenyewe. Alitaka kumwonyesha mahali nyumba ya shangazi ilipokuwa. Walitembea kutoka barabarani, yeye mbele, mzee nyuma anavuta pumzi. Hapakuwa na kitu. Hata mawe ya msingi yalikuwa yamemezwa na nyasi, na kila mahali miiba ya rasiberi imejaa matunda.

"Mlango ulikuwa hapa," Verna alisema. "Dirisha la jikoni pale. Alikuwa anasimama pale akiangalia nani anakuja."

Reino akasogea, akasimama palepale kwenye dirisha lisilokuwepo, akageuka kuitazama barabara kama alivyoambiwa. Verna alibaki upande wa pili wa miiba.

"Hivi?" aliuliza Reino.

"Sogea kushoto kidogo."

Akasogea. Jua lilikuwa linamwingia machoni, kope zikamlegea kama za lile jicho la udongo, na Verna akaniambia kwamba alishindwa kumwita waondoke. Akakaa chini kwenye nyasi. Mzee alisimama hivyohivyo, anatazama mbali, mpaka kivuli cha misonobari kikawafikia.