Faina Zubareva, Mama Anayepima Nyaya

Theluji bado inaanguka mjini Kostroma, Urusi, wakati Faina Zubareva anapopiga magoti katika ukumbi wa jimnastiki, spana mkononi. Anauvuta waya unaoshikilia vyuma viwili vya kuning'inia, kisha anautegea sikio.

"Huu unasema kweli," ananong'ona. "Wa pale ni mwongo."

Kwa miaka arobaini na mmoja, mama huyu mwenye umri wa miaka sitini na mitatu amekuwa fundi wa vifaa katika shule ya michezo ya mtaani kwake. Hakuna msichana anayeruka kabla Faina hajaweka sahihi kwamba vifaa ni salama.

Utotoni alikuwa mwanajimnastiki. Alipokuwa na miaka kumi na minne, kocha aliwasimulia yeye na wenzake yaliyotokea kwenye mashindano ya London: Lyudmila Turishcheva, bingwa wa Kisovieti, alikuwa ndio kwanza ametua, waya ukafyatuka na vyuma vikaporomoka nyuma yake. Hakugeuka hata kutazama. Aliwasalimu waamuzi, akaenda zake.

"Wenzangu wakasema, oneni moyo wa yule dada! Mimi nikauliza, nani aliufunga ule waya?" Faina anacheka. "Kocha akaniita bibi kizee."

Mwezi uliopita shule iliandaa sherehe ya kuwaenzi wanajimnastiki wa zamani wa mji. Viti vilijaa. Zikiwa zimebaki dakika ishirini kabla ya kuanza, Faina aligundua nyuzi tatu za waya zimekatika. Akavifungua vyuma, akavilaza sakafuni.

Mkuu wa shule, Rodion Lvovich, alimjia mbio, akimtaja na jina la baba yake kama Warusi wafanyavyo.

"Faina Yegorovna, unataka kuniua? Wageni wameshakaa!"

"Wakae. Aliyekaa haanguki."

"Nyuzi tatu tu!"

"Basi panda wewe, Rodion Lvovich. Kwa kilo zako mia, tutajua mara moja."

Mkuu akamwambia hiyo ndiyo siku yake ya mwisho kazini. Faina aliketi juu ya vyuma, akakunja mikono.

Aliyemaliza ubishi ni Ninel Shubina, bingwa wa mji wa enzi za zamani, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja. Alijikongoja na mkongojo wake hadi pale, akaupapasa waya.

"Mwacheni mwenzenu," alisema. "Sisi tulipigiwa makofi, hamkuona tulivyobebwa nje. Goti langu hili ni ushahidi."

Vyuma vikabaki sakafuni; wasichana walionyesha michezo ya sakafuni na ya juu ya boriti nyembamba tu, na Ninel akapokea maua yake huku watu wote wamesimama.

Faina hakufukuzwa. Ombi la nyaya mpya, alilolipeleka mara sita, limetiwa sahihi wiki hii. Ana mpango wa kuzifunga kwa mkono wake, kisha apande yeye wa kwanza, ingawa hajaning'inia tangu alipovunjika kiwiko akiwa na miaka kumi na tisa.

"Nikianguka mimi, ameanguka kizee mmoja," anasema, akijifuta grisi. "Nisipoanguka, waruke."