Gorogoro la Kwanza

Juzi asubuhi nilipita nyuma ya soko mjini Nyeri, na harufu ikanisimamisha: unga wa jana na moshi wa dizeli ya leo. Mahali fulani ndani ya kibanda cha mabati, mashine ya kusaga ilikuwa inawashwa. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Kama nawe ulilelewa karibu na mashine hizo, unajua kwamba harufu ile haiishii puani. Inakaa kwenye nywele, kwenye blanketi, hata kwenye kurasa za Biblia.

Biblia ya baba ilikuwa hivyo. Ukiifungua kwenye maneno ya Sulemani, unga ulikudondokea magotini.

Mashine yetu ilikuwa katika kijiji cha Gakindu, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, wakati kila aliyekuwa na shilingi alitaka kuwa mfanyabiashara. Jengo lilikuwa la baba, injini ilikuwa ya mdogo wake. Mama alikuwa amefariki kabla sijaanza shule, nami sikuwa na ndugu. Nikitoka shuleni nilikaa juu ya magunia, nikiwatazama baba na wateja wakizungumza kwa mikono, maana injini haikumwachia mtu neno. Jioni nilitangulia nyumbani, nikapika, nikala peke yangu, kisha nikamfunikia baba chakula chake.

Nikueleze jambo wanalolijua wasagaji. Mashine iliyosafishwa jioni huamka na njaa. Unga wa kwanza hubaki tumboni mwake, ukijaza kila pembe, na anayesagiwa kwanza hurudi nyumbani na unga pungufu. Jioni mwenye mashine huigonga kwa rungu, ule unga ukaanguka, akawauzia wafuga nguruwe. Ndiyo maana kwenye mashine nyingine akina mama waliofika alfajiri walifungua mizigo yao na kuifunga upya, mara mbili, mara tatu.

"Ingia, Mama Kamau, wewe ndiye ulifika mbele."

"Mimi? Mimi niko hapa napumzisha mgongo tu."

Kwetu mchezo huo haukuwapo. Kila asubuhi, kabla ya mteja yeyote, baba alimimina gorogoro la mahindi yetu, kopo zima la kilo mbili. Alikuwa amesoma jinsi Sulemani anavyokemea mtu mwenye vipimo viwili, na kwa baba tumbo la mashine lilikuwa kipimo cha pili, kile kisichoonekana. Jioni aliigonga, akakusanya kilichoanguka, na hicho ndicho tulichokula kesho yake. Ulikuwa ugali wa kijivu wenye madoa: wimbi kutoka kwa mmoja, mtama kutoka kwa mwingine, mahindi mekundu ya bibi fulani wa ng'ambo ya mto. Niliuonea aibu. Wateja nao hawakumshukuru baba. Waliisifu mashine.

Siku moja baba mdogo alifika kutoka Kenol, amevaa koti jipya. Alikuwa ameona barabara kuu ya huko na malori yake, na hakuweza tena kutazama kitu kingine. Alitaka tusage Jumapili, na unga wa jioni uuzwe.

"Baba Wambui," alimwambia kaka yake, "gorogoro nzima kila siku. Unalisha chuma."

"Nalisha chuma isikule ya watu."

"Na huyu mtoto anakula uchafu ya mashine, ati kwa sababu ya Sulemani. Sulemani mwenyewe si alikuwa tajiri?"

Baba alicheka, jambo lililokuwa adimu. "Alikuwa. Ndiyo maana namsikiliza."

"Basi injini yangu itaenda Kenol."

Nilimtazama baba. Hata mimi nilijua kwamba bila injini tungebaki na jengo tupu, na kwamba neno moja tu la kukubali lingetosha kuizuia isiondoke. Baba alijipangusa mikono, kidole kwa kidole.

"Ni yako," alisema. "Nitakusaidia kuipakia."

Akamsaidia kweli. Lori lilipoondoka, kimya kilichobaki Gakindu kilikuwa kikubwa kuliko ule mngurumo. Baba akarudi kwenye mibuni yake, na jua likizama alikuwa nyumbani. Nilikuwa nimetamani hilo miaka yote: baba upande wa pili wa meza. Mahindi yetu tuliyapeleka kusagwa mtaa wa pili, na jioni ile ya kwanza nilipika ugali mweupe kabisa, kama ule niliouonea wivu kwa wenzangu. Tonge la pili likanishinda.

"Maitũ, kuna nini?" Aliniita hivyo, yaani mama yangu kwa lugha yetu, kwa kuwa nilipewa jina la mamake.

"Hauna ladha."

Aliumega tena, akautafuna polepole. "Ni mahindi yetu peke yake," akasema. Tukala tukisikiliza mvua juu ya mabati.

Ilinichukua miaka kuelewa kilichokosekana mezani. Zile jioni nilizodhani nakula peke yangu, nilikuwa nimekula na Gakindu yote.

Pale Nyeri, juzi, wanawake walikuwa wamesimama kando ya mlango, kila mmoja akishughulika na fundo la mzigo wake. Nilirudi sokoni, nikanunua gorogoro la mahindi, nikawapita hadi mlangoni.

"Wewe si wa hapa," mmoja alinionya. "Hujui ya kwanza huliwa na mashine?"

Nikamwambia najua.